Mama amewekewa vifaa vya kusikia lakini simu bado inamsumbua: uzoefu wangu

Mkuu, umesema mama anakusikia vizuri mkikaa pamoja, ila akipokea simu ni "haloo, haloo" na kifaa kinapiga mluzi. Mimi huu ni mwaka wa tisa navaa vya nyuma ya sikio, na miaka miwili ya mwanzo nilikuwa navivua kila simu ikiita. Ujinga mtupu!

Anzeni na namna anavyoshika simu. Tumezoea kuibandika kwenye tundu la sikio, kumbe maikrofoni ya kifaa iko juu, kwenye kile kipande kinacholala nyuma ya sikio. Apandishe simu mpaka spika ielekee pale, kisha aisogeze kidogo kidogo hadi sauti ifunguke. Asiibane. Ikibanwa, sauti inayovuja sikioni inarudishwa kwenye maikrofoni na kukuzwa upya, ndiyo huo mluzi. Wewe nenda chumba kingine, mpigie, mhesabie namba pole pole huku yeye akitafuta mahali pake. Mimi ilinichukua jioni moja.

Kifaa kikiwa na Bluetooth, kiunganisheni na simu. Sauti inaingia masikio yote mawili, na hilo linasaidia kuliko unavyodhani. Ila kwa vifaa vingi, anachosema yeye bado kinachukuliwa na maikrofoni ya simu. Niliwahi kuongea na shemeji nikiwa jikoni, simu nimeiacha chumbani: mimi namsikia, yeye anadhani nimemnunia.

Kama hakina Bluetooth, muulizeni mtaalamu wa usikivu kuhusu telekoili, yaani koili ndogo ya waya iliyo ndani ya kifaa. Inanasa mawimbi ya sumaku ya spika ya simu badala ya sauti, kwa hiyo kelele za chumbani hazipiti. Mara nyingi ipo lakini haijawashwa, na simu nayo iwe inaendana nayo.

Halafu simu ya kawaida mara nyingi hupitisha masafa ya sauti (toka nzito hadi nyembamba) ya 300 hadi 3,400 Hz tu, wakati mlio wa "s" umejaa juu ya hapo. Ndiyo maana "sita" na "tisa" zinanichanganya mpaka leo. Nikitajiwa saa ya miadi nauliza, "Sita ya adhuhuri au tisa ya alasiri?" Mpigie kwa WhatsApp ya video, sauti huwa pana zaidi na midomo anaiona. Na usipige kelele, maneno yanavurugika; sema taratibu tu.

Vya mama ni vya nyuma ya sikio kweli? Vikiwa vya kuingia ndani, maikrofoni iko pale mlangoni mwa sikio, kwa hiyo hapo simu ashike kama kawaida.