Kwa mnaoanza kazi ya mazishi Kisumu: karatasi ya bei itangulie

Wengi mnaojiunga nasi mnakuja mkiwa na hofu ya maiti. Hofu hiyo huisha upesi. Mtu wa kukukosesha usingizi ni mfiwa, yule anayefika ofisini asubuhi hajalala, simu haiachi kulia, na kila unalomwambia anaitikia "sawa".

Mnunuzi wa sofa atazunguka soko zima la Kibuye akishindania bei. Mfiwa hazunguki. Ada ya mochari inapanda kila siku, jamaa wa Nairobi wanauliza mazishi ni lini, na mwenyewe anaona haya kubishania jeneza la mama yake. Sisi tunajua hayo yote. Ndiyo maana haitoshi kusema "mteja alikubali."

Kwa hiyo, kabla hujazungumzia kitu kingine, mpe karatasi ya bei. Kila huduma na mstari wake: kulaza maiti kwa siku, dawa ya kuhifadhi, kuosha na kuvisha, jeneza, gari, mashine ya kushushia jeneza kaburini, hema, viti. Ukimtajia jumla moja tu hatajua anachoweza kuacha. Kwenye gari ndiko ugomvi mwingi huzaliwa, kwa hiyo fafanua: bei ni pamoja na mafuta? Gari likifika Nyakach au Siaya jioni, litalala na marehemu nyumbani hadi siku ya mazishi, au litashusha na kurudi? Dereva atakula na kulala kwa gharama ya nani? Mvua ikinyesha na barabara ya kijijini isipitike, itakuwaje? Andikeni yote, nyote wawili mtie sahihi.

Marekani, nyumba za mazishi zimelazimishwa na kanuni ya serikali tangu miaka ya 1980 kumpa mteja bei ya kila kitu peke yake, na hata kumtajia bei kwa simu akiuliza. Hapa kwetu, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo juu ya bidhaa au huduma. Usingoje mkaguzi aje ndiyo uanze kuifuata.

Tuje kwenye jeneza. Vanishi nyekundu ikipakwa vizuri, saiprasi inafanana na mahogani machoni pa mtu aliyelia usiku kucha. Mwonyeshe ukweli kwa mkono. Inua kitambaa cha ndani aone ubao wenyewe. Gonga ubavuni: plaiwudi hulia kama debe tupu, ubao mzito haulii hivyo. Mwambie kama vile vishikio vya rangi ya dhahabu ni plastiki ya urembo tu, na kwamba wabebaji washike chini ya jeneza. Nimeona kishikio kikichomoka mbele ya kaburi, na sura za watoto wa marehemu wakati ule sizisahau. Halafu anza kuonyesha kutoka jeneza la bei ya chini. Usilifiche nyuma ya mlango, na usiseme "hili ni la wasio na uwezo." Maskini naye ana heshima yake.

Dawa ya kuhifadhi maiti, yaani formalini, pia ina haki yake. Familia ya Kiislamu inayotaka kuzika leo leo haihitaji formalini, wala usiwatishe kwamba bila hiyo haiwezekani. Uliza kwanza, kisha ufanye. Nawe ukiishika, vaa glavu na barakoa na ufungue madirisha, kwa sababu imethibitishwa kuwa inaweza kuleta saratani.

Utakutana na familia zilizozuiliwa maiti kwa sababu ya deni la hospitali. Waeleze kwa upole kwamba Mahakama Kuu imeshasema maiti si mali ya kuwekwa rehani. Deni hudaiwa kama madeni mengine. Kisha waelekeze kwa wakili au kwa chifu, na usigeuke dalali wa pande mbili. Sisi wenyewe pia tusishikilie kibali cha mazishi cha mtu eti mpaka amalize kulipa.

Nikitaja udalali, kuna jambo linaloniuma. Mtu wa mochari anakupigia simu: "Kuna mwili umeingia, njoo haraka," naye anataka chake. Hicho chake kitatoka wapi? Kitaongezwa kwenye bili ya mjane. Kataa, hata kama jirani yako wa biashara anakubali na anapata kazi nyingi kukushinda.

Kibaya zaidi ni pale mjumbe wa kamati ya mazishi anapokuvuta kando na kukuomba uandike risiti kubwa kuliko alicholipa. Pesa hizo zimechangwa na watu waliouza kuku na waliotuma mia mia kwa M-Pesa. Mjibu hivi: "Mzee, ninaandika nilichopokea." Usimwaibishe mbele za watu, lakini usiandike. Na ili asirudi tena na ombi hilo, uwe na desturi ya kutoa risiti pamoja na nakala, nakala hiyo ukaikabidhi kwa mtu wa pili wa familia, ikiwezekana yule mama au dada aliyekaa kimya kwenye kona.