Mtazame Anayeleta Chai

Insha yangu ya kwanza kuhusu Umaksi na televisheni ilirudi na mduara mwekundu kwenye sentensi ya kwanza kabisa. Nilikuwa nimeandika, kwa kujiamini sana, kwamba Karl Marx anaeleza jinsi televisheni inavyowahadaa maskini. Pembeni mwalimu aliandika maneno mawili tu: "Aliitazama wapi?"

Marx, mwanafalsafa wa Kijerumani ambaye Umaksi umeitwa kwa jina lake, alifariki mwaka 1883. Onyesho la ndugu Lumière mjini Paris, ambalo wengi hulihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa sinema, lilifanyika tarehe 28 Desemba 1895. Kwa hiyo nyinyi mnaoanza masomo ya filamu muhula huu, msimsingizie mzee wa watu. Aliyoyaacha ni maswali kuhusu kazi, mali na mwenye mali. Waliokuja baadaye ndio waliyabeba hadi kwenye sinema.

Na maswali hayo yanafaa tangu dakika ile ya kwanza. Mojawapo ya filamu zilizoonyeshwa siku hiyo inaonyesha wafanyakazi wakitoka lango la kiwanda huko Lyon: wanawake wenye kofia, wanaume, mbwa, baiskeli. Haifiki hata dakika moja. Kiwanda ni cha akina Lumière wenyewe, na waliopigwa picha ni waajiriwa wao. Itafute, uitazame mara tano. Wanatoka wakitembea haraka, na kazi waliyokuwa wakiifanya mle ndani huioni hata kidogo. Mwenye kiwanda ndiye mwenye kamera, naye ameisimamisha nje ya lango.

Mimi nimefanya kazi kwenye seti za Nairobi miaka kadhaa, zaidi kama mtu wa muendelezo, yaani yule anayekumbuka kwamba kikombe kilikuwa mkono wa kushoto na shati lilikuwa na vifungo viwili wazi. Jioni huwasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Makosa yenu nayajua kwa kuwa niliyafanya mimi kwanza.

Kosa linalorudi kila mwaka ni la kuhesabu pesa. Mwanafunzi anatazama tamthilia, anawapanga wahusika, matajiri huku na maskini kule, kisha anaandika kwamba matajiri ni wabaya na maskini ni wema, basi uhakiki wa Kimaksi umekwisha. Hapo hujahakiki kitu, umesimulia hadithi upya kwa hasira. Tabaka halipimwi kwa unene wa pochi. Mfikirie dereva wa matatu: Ijumaa ya mwisho wa mwezi anaweza kuwa na noti nyingi mkononi kuliko mwalimu wa msingi. Lakini gari si lake. Tageti, yaani kiasi anachodai mwenye gari kila siku, lazima ifike jioni, kuwe na mvua au kusiwe, na siku funguo zikichukuliwa atarudi steji ya Odeon kungoja skwadi, yaani kushikilia gari la mtu mwingine kwa muda. Kwa bahati, jina lenyewe la steji hiyo ni la jumba la sinema. Swali la Kimaksi ni hilo hilo la matatu: chombo ni cha nani, jasho ni la nani, na kinachobaki kinaingia mfuko upi.

Niliuelewa uzito wa swali hilo katika nyumba moja ya Runda, mtaa wa matajiri Nairobi. Tulikuwa tumeikodi kwa siku tatu kurekodi tamthilia ya familia. Katika skripti kulikuwa na mfanyakazi wa nyumbani asiye na jina, ameandikwa "MBOCH" tu kwa herufi kubwa, anayeingia sebuleni na trei, anasema, "Karibuni chai," anajikwaa kidogo, watu wanacheka, anatoka. Binti aliyepewa nafasi hiyo hakujua kushika trei yenye birika lililojaa. Ilikuwa inamlemea upande. Dada aliyefanya kazi kwenye nyumba ile kweli, ambaye alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni tangu asubuhi akitupikia chai sisi sote, akamwita kando.

"Usiishike kwa vidole," alimwambia. "Ilaze hapa kwenye mkono. Na birika likae upande wa kifua chako, likimwagika likuchome wewe, lisiwachome wageni."

Kisha akauliza yale maneno ya "karibuni chai" ni ya nini. Akaambiwa ndivyo ilivyoandikwa. "Sisi hatusemi karibuni," akasema. "Mwenye kukaribisha ni mama. Wewe unaweka, unatoka."

Nilimpelekea dairekta habari hiyo mbio mbio nikidhani nimeokota dhahabu. Akaijaribu mara moja, akasema imepoa, akarudisha "karibuni chai" na kujikwaa. Kisha akaongeza lafudhi. Alimtaka yule binti, mzaliwa wa Umoja hapa hapa Nairobi, aongee kama mtu aliyeshuka basi la mashambani jana.

Tulia kidogo kwenye hiyo lafudhi, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wa Kenya huniambia, "Lakini mwalimu, huku kwetu shida ni kabila, mambo ya tabaka ni ya Wazungu." Sikubali. Fungua vichekesho vyetu vya televisheni usikilize nani anaongea vipi. Bosi, hata akitoka kijiji kile kile, Kiswahili na Kiingereza chake vimepigwa pasi. Bawabu na mfanyakazi wa nyumbani ndio wanaovishwa lafudhi nzito ya kikwao, na mtazamaji anacheka akidhani anamcheka Mluhya au Mkamba, kumbe anamcheka mtu kwa sababu ya kazi anayoifanya. Tabaka limevishwa nguo ya kabila. Mkilishika jambo hili mtaandika insha nzuri kuliko yangu ya mduara mwekundu. Wananchi na wenyenchi, wanavyotania watu, ni mgawanyiko unaopita katikati ya kila kabila.

Turudi Runda. Mwenye nyumba alilipwa kodi ya siku tatu. Yule binti alilipwa malipo ya siku moja. Dada wa jikoni, aliyetufundisha kazi tuliyokuwa tukiiigiza, hakulipwa kitu, na jina lake halikupita kwenye orodha ya mwisho. Nani wa kulaumiwa? Hakuna aliyekataa kumlipa. Hakuna aliyefikiria. Ndiyo maana nawaambia mkitazama filamu msiishie kwenye busu la mwisho. Kaeni hadi majina yamalizike kupita. Someni nani ametajwa kwa jina na nani ametajwa kwa kazi: "mlinzi wa pili", "mwanamke sokoni".

Kuhusu nadharia sitawachosha, vitabu mtapewa. Ila hegemonia ni neno mtakalolipenda mno, kwa hiyo nilieleze kwa njia niliyolionea.

Nilikuwa mmoja wa waandishi watatu wa mfululizo mwingine. Katika rasimu ya kwanza, walinzi 14 ambao hawajalipwa miezi miwili wanaketi chini kwenye lango la kampuni na kukataa kulifungua. Kikaoni produsa, mtu mpole kweli, aliuliza tu: "Na wafadhili watajisikiaje?" Hakusema tufute. Alikoroga chai yake. Rasimu ya pili, walinzi 14 wakawa watano. Ya tatu, mlinzi mmoja anachukua mkopo kwa simu, ananunua toroli la mayai na smoki, biashara inashika, anamwajiri mwenzake. Tukio la toroli niliandika mimi, na nililionea fahari. Miezi ile miwili ya mishahara haikutajwa tena hadi mwisho. Deni la mwajiri lilikuwa limegeuka bidii ya mtu binafsi, na hapakuwa na askari wala mahakama kikaoni.

Antonio Gramsci, mwanafikra Mmaksi wa Italia aliyefungwa na utawala wa Mussolini mwaka 1926, alisumbuliwa na jambo hilo gerezani: inakuwaje watu wakubali kwa hiari kinachowabana? Hiyo ndiyo hegemonia. Ukitaka kuona upande wa pili, pale hiari inapokosa kutosha na nguvu zikatumika, usiende Italia. Nenda Limuru. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu waliigiza kwa Kigĩkũyũ mchezo kuhusu ardhi na unyonyaji, kwenye ukumbi wa wazi walioujenga wenyewe. Serikali ikaufutia mchezo kibali, mmoja wa waandishi wake, Ngũgĩ wa Thiong'o, akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huo, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Wanakijiji walikuwa na jukwaa lao wenyewe, hakukuwa na mfadhili wa kuulizwa atajisikiaje. Ikabidi zije tingatinga.

Msije mkadhani pia kwamba mtazamaji ni debe tupu la kumiminiwa. Stuart Hall, mtaalamu wa utamaduni, mzaliwa wa Jamaica aliyefanya kazi Birmingham, alisema mwaka 1973 kwamba ujumbe unaweza kupokelewa ulivyotumwa, au ukakubaliwa nusu nusu, au ukapingwa. Hilo nililiona Kayole, kwenye kibanda cha chai chenye televisheni, enzi za Papa Shirandula, kile kichekesho cha bawabu anayemficha mkewe kazi anayoifanya. Sisi vijana tulikuwa tunacheka kila akikaribia kuumbuka. Soja, yaani mlinzi, wa ploti yetu, aliyekuwa akipitia pale kabla ya zamu ya usiku, hakucheka hapo. "Huyo si mwongo," alisema. "Huyo analinda heshima ya nyumba." Kwa muda mrefu niliwasimulia wanafunzi kisa hicho kama mfano wa kupinga. Siku hizi naona nilikosea. Soja alikubali kwamba kazi yake ni ya aibu, akakataa tu kwamba aibu hiyo ni yake. Hiyo ndiyo nusu nusu, na ndiyo hali ya wengi wetu mbele ya skrini.

Kila muhula kuna mmoja anayenyoosha mkono kusema mambo haya yamepitwa, siku hizi kila mtu ana simu na anajirekodi mwenyewe. Vizuri. Simu ni yako, umeilipia. Muulize anayechekesha mtandaoni nini hutokea mwenye jukwaa akibadilisha tu namna ya kusambaza video, kisha urudi kwenye mfano wa dereva.

Kwa insha ya kwanza, chagua tukio moja la dakika tatu. Litazame mara ya kwanza bila sauti na uandike nani anaingia kwa mlango upi, nani ameketi, uso wa nani unaonyeshwa kwa karibu na kwa sekunde ngapi. Hegemonia iweke kando hadi ukurasa wa tatu. Kama unataka kuona mtu aliyeligeuza jambo hili juu chini, tafuta filamu ya La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1966. Sembène alikuwa amepakua mizigo bandarini Marseille kabla ya kuandika na kushika kamera. Msichana kutoka Dakar anapelekwa Ufaransa kuwa mtumishi wa nyumbani. Waajiri wake humwona amenyamaza, ila sisi tunayasikia mawazo yake. Na jina lenyewe la filamu limekatwa makusudi: msichana mweusi wa... wa nani?

Yule dada wa Runda nilikutana naye miezi kadhaa baadaye, Kawangware, siku yake ya mapumziko. Kipindi alikuwa amekitazama kwa dada yake. Nikamuuliza alionaje.

"Trei ameishika vizuri," akasema. Akafikiri kidogo. "Lakini yule hajaandikwa kazi mahali. Yule anaongea sana."