Kabla ya kushona sare za KAR

Ndugu yangu wa Jinja, umeuliza wewe na wenzako mwanzie wapi ili muigize maisha ya askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki enzi za ukoloni, na kama mnunue nguo za jeshi mtumbani. Nguo hizo msiziguse! Sheria ya UPDF, yaani jeshi la Uganda, inamkataza raia kuvaa mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo, na watu wamefikishwa mahakamani kwa kosa hilo. Hata kaki ya zamani, na bunduki za kuchonga kwa mbao, msizitoe nje kabla ya kuzungumza na polisi na kambi ya jeshi iliyo karibu, mkapewa ruhusa ya maandishi.

Chagueni kikosi kimoja na mwaka mmoja. Mimi ningechagua batalioni ya 4, ya Uganda, mwaka 1944, ilipokuwa Burma (Myanmar ya leo) ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ikipita bonde la Kabaw katika mvua na malaria. Huko askari walivaa kijani cha msituni. Kaki na kofia nyekundu ya tarabushi msizichanganye humo.

Amri kwa Kiswahili, mwendo wa gwaride, kufunga mzigo, kupika chakula cha kambini: hayo yafanyieni mazoezi hata kabla ya sare. Tena nendeni kwa familia za maaskari wale, mwombe kwa adabu kuona picha na medali. Picha moja yenye tarehe itawafundisha vifungo na mikanda kuliko fundi yeyote wa cherehani.

Mapigano yenyewe ningeyaacha mwisho kabisa.