Mjomba, huku ugomvi si wa dini, ni wa ardhi

Mjomba, kwenye kundi la ukoo uliuliza: hao watu wa Ireland ya Kaskazini, weupe wote na Wakristo wote, wanagombania nini, na mimi naishije katikati yao? Shangazi akakujibu kuwa ni Wakatoliki na Waprotestanti tu. Kwa heshima zote, Shangazi, dini huku ni alama ya kumtambulia mtu. Kiini ni ardhi.

Mwaka 1607 wakuu wa Ulster, jimbo la kaskazini mwa Ireland, Hugh O'Neill na Rory O'Donnell, walipanda meli pale Rathmullan wakakimbilia Ulaya bara. Vita dhidi ya Waingereza walikuwa wameshashindwa. Mfalme James wa Uingereza akatwaa nchi yao, na kuanzia 1609 kaunti sita zikagawanywa kwa mabwana wa Kiingereza na Kiskoti, vipande vya ekari 1,000, 1,500 na 2,000. Masharti: leta walowezi wako, ambao walikuwa Waprotestanti, jenga ngome, usipangishe Mwairishi, ambaye alikuwa Mkatoliki. Derry ninapoishi walipewa wafanyabiashara wa London. Wakaongeza London kwenye jina la mji, wakauzungushia ukuta wa mawe uliokamilika 1619. Upo mpaka leo, na mizinga yake juu. Ukisimama hapo unaiona Bogside chini kabisa, bondeni, nje ya ukuta. Ndiko Wakatoliki walikojibana.

Waairishi walioamriwa kuhama wengi walibaki, maana walowezi hawakutosha na mabwana walihitaji vibarua na kodi. Wakawa wapangaji kwenye ardhi ya babu zao. Hili Mjomba unalijua kuliko mimi. Bibi alizaliwa skwota kwenye shamba la mzungu huko Nakuru.

Waairishi waliasi 1641, walowezi wengi wakauawa. Kisha akaja Cromwell, kiongozi wa Waingereza, na jeshi lake, na unyang'anyi ukazidi. Kufikia 1703 Wakatoliki, ambao ndio waliokuwa wengi Ireland nzima, walibakiwa na asilimia 14 hivi ya ardhi.

Kazini, kwenye nyumba ya wazee, kuna mzee Mprotestanti ninayemwogesha kila asubuhi. Alikuwa mkulima, na viwanja vya shamba lao anavitaja kimoja kimoja kwa jina. Chumba cha pili yuko Mkatoliki anayekwambia ukoo upi ulikuwa na mlima upi kabla ya Waskoti kuja. Mnaniuliza niko upande gani. Kilichofanyika 1609 kilikuwa wizi, na sitaupamba. Lakini mzee wangu hakuiba. Miaka 400 imepita, na huko Uskoti hana hata mtu wa kumpokea.

Kuhusu usalama: vurugu za miaka thelathini hivi kati ya pande hizi mbili ziliua zaidi ya watu 3,500, na tangu mkataba wa amani wa 1998 pametulia sana. Kilichonitisha mimi ni Agosti 2024, maduka ya wahamiaji yalipochomwa Belfast, eti tunachukua nchi. Inauma kusikia hivyo wakati unalipa kodi ya nyumba kila mwezi na huna hata kipande cha bustani.

Binamu akitaka kuja, ajue kuwa njia ya viza ya kazi ya kutunza wazee kwa walio nje ya nchi ilifungwa Julai 2025. Akipata njia nyingine, asilipie nyumba kabla hajanipigia. Kwanza tuangalie kingo za barabara ya mtaa huo zimepakwa rangi gani: nyekundu, nyeupe na buluu za bendera ya Uingereza ni mtaa wa Waprotestanti; kijani, nyeupe na chungwa za bendera ya Ireland ni wa Wakatoliki. Na Julai 12, siku ya maandamano ya Waprotestanti, apange mapema njia ya kwenda kazini.