Meli Itazama, Watu Watafika: Kumtumaini Mungu Wakati Huoni Mlango

Kamwene wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Juzi msomaji mmoja wa huku Mufindi aliandika ujumbe mrefu. Nauweka kwa kifupi, kwa ruhusa yake. Mume amelazwa Mbeya, hii ni wiki ya tano. Viazi vya ekari moja vimemalizwa na ukungu ndani ya wiki mbili za mvua mfululizo. Mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kali, unaongezeka kila Ijumaa. Yeye mwenyewe analala chini ya kitanda cha mgonjwa, na amefunga siku saba kavu, bila hata maji. Kisha akamaliza hivi: "Mtumishi, nimeambiwa imani yangu ni ndogo. Niongeze siku ngapi?"

Dada yangu, usiongeze hata moja. Kunywa uji leo.

Inauma kuona mtu aliyebeba lumbesa ya majonzi akiongezewa debe jingine na watu wa kanisani. Eliya alipochoka hadi akaomba kufa (1 Wafalme 19), malaika hakumhoji kuhusu kiwango cha imani yake. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akarudi kumwamsha ale mara ya pili. Hotuba hapakuwa. Kufunga ni kuzuri, lakini funga kavu ya siku nyingi kwa mtu anayeuguza, asiyelala, ni hatari. Kwa mwenye kisukari anayetumia dawa ni hatari zaidi, maana sukari inaweza kushuka ghafla: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kisha kuzimia. Wanaotuzunguka wanaweza kudhani ni pepo, wakaanza kukemea badala ya kumpa maji ya sukari akiwa bado anaweza kumeza na kumkimbiza hospitali.

Sasa fungua Matendo ya Mitume sura ya 27. Wengi tunairuka, tunakimbilia sura ya 28 kwenye nyoka wa Malta, kwa sababu pale ndipo penye makofi. Sura ya 27 ni dhoruba tupu: Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi kwa meli, na bahari inachafuka. Watu wa Matema wanaolijua Ziwa Nyasa likichafuka wataielewa haraka kuliko sisi wa milimani. Mstari wa 20 hauna kona: siku nyingi jua halikuonekana wala nyota, na tumaini la kuokoka likaisha. Aliyeandika anasema "sisi", maana yake alikuwemo ndani. Hakuona aibu kuandika kwamba tumaini lilikwisha, na Roho Mtakatifu hakumfutia mstari huo.

Ndipo Paulo akapewa neno, na neno lenyewe lilikuwa na mpaka. Hakuna mtu atakayepotea, ila meli itapotea. Watu walikuwa 276, wote wakafika nchi kavu, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao na vipande vya merikebu. Meli ikavunjika kama ilivyosemwa.

Chukua karatasi, uikunje katikati. Upande mmoja andika "watu", mwingine "meli". Viazi vya msimu huu ni meli. Pikipiki ya mume, akiba ya kikoba, jina lako zuri pale kijijini, na ile tarehe uliyompangia Mungu, vyote ni meli. Watoto, ndoa, afya yako, imani yako: hao ni watu. Wengi hukata tamaa na Mungu kwa sababu walikuwa wakimdai meli. Na mgonjwa je? Hapa sitadanganya. Paulo alipewa neno la wazi kuhusu roho za watu wale usiku ule. Wewe hujapewa tarehe ya mumeo kutoka wodini, na yeyote anayekutajia tarehe muulize ameipata wapi. Ulichopewa ni Warumi 8:38-39, kwamba hata mauti haiwezi kuwatenga, wewe na yeye, na upendo wa Mungu. Ni neno zito, na halikuondolei haki ya kulia.

Mabaharia walipohisi nchi iko karibu walishusha kipimo cha kina cha maji: pima 20, mbele kidogo pima 15. Giza lilikuwa lilelile, ila sasa walijua kina. Shida isiyopimwa huwa ni jini. Kwenye daftari andika kila deni: nani, kiasi ulichochukua, ulichokwisha kulipa, riba, tarehe. Nenda kwa mkopeshaji kabla ya siku ya kulipa, ukiwa na mtu mzima mmoja, umwambie utakachoweza. Ukijificha riba haijifichi. Hesabu na dawa: zimebaki za siku ngapi? Kama hospitali imekushinda kulipa, uliza ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini kabla bili haijawa mlima. Mara nyingi watataka barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa kuthibitisha hali yako. Kuomba barua hiyo hakupunguzi imani. Nehemia aliomba na akaweka walinzi, katika mstari uleule mmoja (4:9).

Halafu wakatupa nanga nne, wakaomba kuche. Sitazigeuza ziwe pointi nne kama wahubiri tunavyopenda. Nitakupa moja ambayo makanisa yetu yameiacha ishike kutu: maombolezo.

Zaburi ya 13 ina mistari 6 tu. Miwili ya kwanza ni malalamiko, na "hata lini" imo mara nne. Miwili inayofuata ni ombi. Miwili ya mwisho ni tumaini. Andika yako kwa mpango huo, dakika 15, alfajiri kabla wodi haijaamka, au usiku kando ya jiko kama uko nyumbani na baridi ya Juni inauma. Mwite Mungu kwa jina. Lalamika kwa vitu, usilalamike kwa mafumbo: "Bwana, leo ni Jumanne. Dawa zimebaki za siku nne. Mtoto wa pili amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya michango. Hata lini?" Omba jambo moja la leo, lenye ukubwa wa leo: usingizi wa saa nne, daktari apite, shemeji apokee simu. Kisha andika sentensi moja ya tumaini, hata kama mkono unatetemeka. Ikigoma kabisa, iache nafasi wazi, usome Zaburi ya 88. Ile haina mwisho mzuri. Inaishia gizani, na bado imo ndani ya Biblia. Kosa la kawaida ni kurukia mistari ya mwisho, kuimba ushindi huku kifua kimejaa. Kwa nje inaonekana imani. Ndani mtu anaoza, na siku moja anaacha kuja kanisani, sisi tunasema amerudi nyuma.

Sasa mashua. Mabaharia walitaka kutoroka kwa mashua ndogo, wakajifanya wanakwenda kutupa nanga za omo, yaani za mbele ya meli. Soma mstari wa 30 polepole: njia ya kutoroka ilivaa nguo ya nanga. Paulo aliwaonya askari, nao wakakata kamba, mashua ikaenda zake. Kata na wewe. Mkopo mpya wa kulipia mkopo wa zamani, kata. Sadaka ya mbegu itolewayo kwa hela ya kukopa ili mgonjwa apone, kata bila huruma. Aliyekuomba hela hiyo akijua hali yako atajibu mwenyewe mbele za Mungu. Kuhama kambi ya maombi hii kwenda ile huku mgonjwa anakosa kliniki, kata. Na kuacha dawa ili utoe ushuhuda kwamba umepona ndiyo mashua mbaya kuliko zote: ARV, presha, kifua kikuu ambacho dozi yake ya kawaida ni miezi 6. Ukiacha katikati kwa sababu kikohozi kimepoa, ugonjwa hurudi, na mara nyingine hurudi sugu. Mfalme Hezekia alipougua alilia, akasikiwa, akaongezewa miaka 15, na bado Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Sala na dawa, chumba kimoja.

Ninyi wa jumuiya, neno moja. Rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku saba, walipokaa chini naye bila kusema kitu. Waliharibu walipofungua midomo. Badala ya kumwuliza huyu dada amekosa wapi, gawaneni zamu za kulala wodini, usiku mmoja mmoja, ili yeye alale nyumba yenye kitanda. Watoto wapikiwe.

Siku ya kumi na nne, dhoruba haijaisha, Paulo alitwaa mkate, akashukuru mbele ya wote, akala. Wakachangamka, nao wakala.

Kwa hiyo dada, Jumatatu asubuhi mtu wa nyumbani awe kwa mtendaji kufuatilia barua, na asiondoke bila mhuri. Wewe ubaki hapo na mgonjwa. Uji uwe kwenye chupa ya chai usipoe, vikombe viwili.