Mihogo mitamu imegeuka michungu: je, mbegu imechanganyika?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Nalima mihogo Ukerewe, si mbali na Nansio. Mbegu yangu ni ya mihogo mitamu, watoto huitafuna hata mibichi. Mwaka huu vuli haikunyesha ya maana, na mihogo ya shamba lile lile imekuwa michungu. Hata tukichemsha uchungu unabaki ulimini. Jirani anasema imechanganyika na mihogo yake michungu iliyo mpakani. Ni kweli? Na kama ina sumu, mbona nzi weupe wamejaa kwenye majani na hawafi?

JIBU: Marahaba. Mihogo ya jirani haina kosa. Wewe unapanda pingili, na pingili ni kipande cha mmea ule ule wa mwaka jana. Hata nyuki akivusha chavua kutoka ng'ambo ya mpaka, mzizi ulio ardhini hauguswi na habari hiyo. Chavua ingebadili punje za mbegu, nawe huzipandi. Kilichobadilika ni mwaka.

Hakuna muhogo usio na sumu kabisa, hata huo mtamu. Hutofautiana kiasi tu. Majani hutengeneza kitu kiitwacho linamarini, nacho hushuka hadi mizizini. Kikiwa ndani ya seli kimetulia, kwa sababu kimeng'enya cha kukivunja kimewekwa mbali nacho, kwenye ukuta wa seli. Nguruwe pori akitafuna, kuta zinapasuka, vitu hivyo viwili vinakutana, na sumu yenyewe, sianidi, inatoka mdomoni mwake. Mlaji anautegua mtego kwa meno yake mwenyewe. Ndiyo sababu wakulima wengi wanaosumbuliwa na wanyama hupenda mihogo michungu.

Sasa ongeza jua. Udongo wa kichanga hukauka upesi. Mhogo hufunga vitundu vya majani ili maji yasipotee, hupukutisha majani ya chini, ukuaji unasimama. Naitrojeni ambayo ingejenga majani mapya inakosa kazi, na sehemu yake huishia kwenye linamarini. Mizizi nayo hainenepi, kwa hiyo sumu haizimuliwi. Mimi huitazama pia kama hesabu ya gharama: mwaka wa mvua mbuzi akila jani, mmea unatoa jingine, mwaka wa ukame hauna cha kulipia jani jingine, na yale machache yaliyobaki yanalindwa kwa nguvu zote. Mtama ni hivyo hivyo. Muulize mfugaji mzoefu wa Usukuma kama anaweza kuingiza ng'ombe kwenye mtama mchanga uliodumaa kwa jua.

Nzi weupe hawatafuni. Nzi mweupe hupenyeza mrija mwembamba kama sindano hadi kwenye mishipa ya utomvu, akanyonya bila kupasua seli nyingi, kwa hiyo mtego hauteguki. Ndiyo maana magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia, anayoyaeneza yeye, hayachagui muhogo mtamu wala mchungu.

Kuhusu kuchemsha. Ukitumbukiza vipande vinene kwenye maji yanayotokota, moto unaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini, ambayo haiogopi moto, inabaki. Linganisha na kisamvu: tunatwanga kwanza, ndipo tunachemsha. Kazi kubwa imefanywa na kinu, maana hapo ndipo vitu vile viwili vinapokutana. Sianidi yenyewe huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, joto la kawaida la mchana huko kwenu, kwa hiyo sufuria isiyofunikwa inamalizia tu.

Basi mwaka huu mihogo hiyo isiliwe mibichi wala ya kuchemsha, na watoto wakatazwe kabisa. Menya, loweka siku 3 mpaka ilainike, anika, twanga: udaga ule ule mnaoujua. Msipunguze siku za kuloweka kwa sababu ya njaa. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime walipooza miguu ghafla kwa ugonjwa uitwao konzo, uliotokana na mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha, na kupooza huko hakuponi. Kama una wasiwasi na unga ulionao, ulowanishe kwa maji, utandaze kwa unene wa sentimita 1, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha usonge ugali siku hiyo hiyo. Mboga iwe dagaa ukiweza: mwili hutumia salfa iliyo kwenye protini kuiondoa sianidi, na mtu anayekula muhogo mtupu hana akiba hiyo.

Pingili zako usizitupe. Masika ikishika, zipande. Mmea ukipata maji na kukua, sumu hushuka. Ila mbuzi wafungwe wiki za mwanzo, kwa sababu majani machanga yana sumu kuliko yaliyokomaa.