Kaka yangu hakuwamo daftarini

Swali la wiki liliuliza: Kanisa Katoliki lina nafasi gani katika jamii yetu, na kwako wewe mwenyewe imani hiyo ina maana gani? Najua wengi watataja shule na hospitali, na hawatakosea. Huku Kigoma nani asiyeijua Hospitali ya Kabanga kule Kasulu? Wapo watakaomtaja Mwalimu Nyerere, aliyefundisha St. Mary's pale Tabora miaka ya 1940, na wapo watakaomtaja Kardinali Protase Rugambwa, aliyekuwa askofu wetu hapa Kigoma tangu 2008 hadi 2012 na sasa ni Askofu Mkuu wa Tabora. Mimi naanika na kuuza dagaa Kibirizi. Jibu langu limo katika daftari la jumuiya.

Kwa msomaji asiye Mkatoliki nieleze kidogo. Parokia zetu zimegawanywa katika jumuiya ndogondogo, kaya chache za majirani wanaokutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao kusoma Injili, kusali na kupeana habari za mtaa. Si jambo la zamani sana. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu wa nchi zetu hizi za Afrika Mashariki, walikutana Nairobi mwaka 1973 wakaamua maisha ya Kanisa yajengwe kuanzia chini, kwa majirani, na mwaka 1976 wakalitanguliza jambo hilo katika kazi zao zote za kichungaji. Mimi ni shahidi kwamba waliona mbali. Mtoto wangu wa pili alipozaliwa njiti, kina mama wa jumuiya walifika na kuni, unga wa uji na sabuni kabla ndugu zangu wa damu hawajapata nauli. Hakuna aliyewaita. Mmoja wao alifua nepi zangu wiki mbili, na mpaka leo hajanikumbusha.

Basi kila jumuiya ina daftari. Letu ni kubwa, lile gumu la jalada jeusi, limevikwa karatasi ya kaki ili unyevu wa ziwa usililainishe. Upande wa kushoto majina kwa namba, upande wa kulia Jumamosi zote za mwaka. Aliyekuja anawekewa tiki, asiyekuja sifuri. Kurasa za nyuma ni za michango: ujenzi, zaka, mavuno, rambirambi. Ukitaka mtoto abatizwe, ukitaka kufunga ndoa, ukifiwa, unaandikiwa barua ya jumuiya kwenda parokiani, na barua hiyo inaandikwa daftari likiwa wazi mezani.

Kaka yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Asiyekaa ziwani pengine hajui kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, maana mwezi ukiwa haupo ndipo taa zinapowavuta samaki juu. Ikifika mbalamwezi mitumbwi inapumzika, nyavu zinashonwa, watu wanalala majumbani mwao. Jumuiya yetu ilikuwa ikikutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa hiyo hiyo ndipo mitumbwi inapofika mwaloni, dagaa wanapigiwa bei wakiwa bado wanameremeta, na mvuvi ana mikono ya baridi na macho mekundu ya kutolala. Miezi mingine kaka alikuwa hayupo kabisa, yuko kambi za kusini. Ndivyo sifuri zilivyojipanga mbele ya jina lake, mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka wa nne. Daftari la zamani lilipojaa na majina yakahamishiwa jipya, lake halikuhamishwa.

Mwaka 2016 alirudi nyumbani kwa mama akiwa mgonjwa wa ini, akafa baada ya wiki tatu.

Nakumbuka mwenyekiti wa wakati ule amekaa chini ya mwembe, daftari juu ya goti, kidole kinashuka jina kwa jina. Kilifika mwisho, akaanza tena juu, nadhani kwa huruma. Kisha akaniambia, "Mama, marehemu humu hayumo." Nikamwambia nitalipa madeni yake yote ya ujenzi, nitoe kwenye mtaji wangu wa dagaa. Akasema si fedha tu, ni mahudhurio, na kwamba tukimzika huyu kwa misa, walio hai watauliza wanahudhuria kwa ajili gani. Parokiani nako jibu lilikuwa hilo hilo. Misa hakuna, na katekista hatakuja.

Tulikwenda makaburini hivyo. Kaburi lilikuwa limechimbwa na vijana wa mtaani, wengi wao Waislamu, maana Kigoma na Ujiji ndivyo tunavyoishi, msiba hauulizi dini ya jembe. Jeneza likawekwa pembeni, tukanyamaza. Mzee mmoja jirani yetu, wa kanzu na kofia, akamsogelea mjomba akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mbona hamwanzi?" Mjomba hakuwa na la kujibu. Nimewahi kupata hasara, nimewahi kulala na njaa, lakini aibu ya dakika ile sijapata kuiona tena.

Akatoka bibi mmoja mjane wa jumuiya yetu, rozari imezungushwa kwenye kiganja. Viongozi walikuwa wameshasema mtu asithubutu kuongoza. Akasimama kichwani mwa kaburi akasema, "Huyu nilimshika mimi siku ya ubatizo wake. Leo namrudisha." Akafanya ishara ya msalaba, nasi tukafuata. Hakuwa na kitabu. Alisali anayoyajua kwa moyo, Baba Yetu, Salamu Maria, na mwisho: raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Sala hiyo nilikuwa nimeisema mara elfu bila kuisikia. Siku ile niliisikia. Sisi tuliokulia ukingoni mwa ziwa tumezoea kutazama usiku wa giza na kuona taa za wavuvi zimetapakaa mbali kama mji, na mama akihesabu akisema ile ya pembeni ndiyo ya mwanangu. Nilimwona kaka pale, ana taa ambayo haihitaji mafuta, na kuna Mwenye kuihesabu.

Ndiyo maana ya imani kwangu, kama ni lazima niiseme kwa maneno machache: kwamba yuko anayetuhesabu hata tukiwa mbali na pwani, gizani, na hesabu yake haipungui mtu. Nikiwa peke yangu kwenye chanja saa sita mchana, nageuza dagaa, nasali Malaika wa Bwana na mikono yangu inanuka samaki, naamini kabisa kwamba naonekana.

Hata hivyo kwa mwaka mzima baada ya mazishi sikuingia kanisani. Rafiki zangu walinialika makanisa mengine, na sikuwalaumu. Yule bibi mjane hakunialika popote. Alikuwa akija jioni kwa mama, wanasali rozari wawili kwenye jamvi, akimaliza anafunga kanga yake anaondoka. Mwezi wa kumi nikajikuta nami nimekaa kwenye jamvi.

Nyanya yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Karema, kule kusini, mbele ya Mahale, ambako meli ya Liemba ilikuwa ikitia nanga. Alipokuwa hai alipenda kutusimulia habari za Adrien Atiman. Huyu alizaliwa nchi inayoitwa leo Mali, akatekwa utotoni akauzwa utumwani, Mapadre Weupe, wale wamisionari wa Kikatoliki, wakamkomboa, akasomeshwa udaktari Malta, na mwaka 1888 akatumwa huku ziwani. Aliishi Karema akiwa daktari na katekista mpaka alipofariki mwaka 1956. Nyanya alisema alitibiwa naye kidonda cha mguu alipokuwa msichana, na alilolikumbuka zaidi ni kwamba alimwosha mguu kwanza kabla hajamuuliza jina. Mwaka ule wa hasira niliikumbuka sana habari hii. Kanisa lililoletwa ziwani kwetu lilikuwa na mtu wa namna hiyo, mtu aliyewahi kuhesabiwa kama mali, halafu akatumia maisha yake kuhudumia watu aliowakuta. Sasa sisi tulipata wapi kidole cha kushuka majina juu ya maiti?

Baadaye alikuja kwetu frateri mmoja, kijana anayesomea upadre, kutoka seminari ya Kipalapala kule Tabora, nikamweleza yote. Hakunijibu siku ile. Wiki iliyofuata alikuja na karatasi aliyonakili kutoka Sheria za Kanisa, zile za mwaka 1983. Kanuni ya 1184 inataja wanaonyimwa maziko ya Kanisa: waasi wa imani wanaojulikana, walioamua kuchomwa maiti kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuzikwa kwao kungewakwaza waamini. Tena hata hao, kama wameonyesha dalili ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Nilitafuta mahali palipoandikwa asiyehudhuria jumuiya. Hapapo. Na kanuni ya 1181, inayohusu sadaka za maziko, inaonya kwamba maskini wasikoseshwe maziko yanayostahili. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo, nimeibandika ndani ya jalada la daftari.

Ndiyo, daftari sasa ninalo mimi. Uchaguzi wa jumuiya ulipofika walinipendekeza ukatibu, nikaukubali kwa sababu hiyo moja.

Nisiwaonee viongozi. Nikiwa katibu nimejua mzigo wanaoubeba. Zama za misaada mingi kutoka Ulaya zimepita, bati la kigango, kanisa letu dogo chini ya parokia, linanunuliwa na sisi, mapadre wanakula kutoka mifukoni mwetu, na kweli wapo watu ambao Kanisa wanalijua kwa mambo matatu tu, ubatizo, ndoa na kaburi. Kumdai mtu mzima mchango wake akiwa hai ni haki. Mtu mwenye duka mbili anayejificha siku ya ujenzi, namfuata dukani, na simwonei haya. Ninachokataa ni kumdai maiti, na kuwatoza waliofiwa aibu kwa deni ambalo mwenyewe hawezi tena kulieleza. Jumuiya ilibuniwa ili tujuane. Ukisema mbele ya jeneza "hatumjui" mtu aliyeishi nyumba ya nne kutoka kwako, unakiri kosa lako wewe.

Kwa hiyo tumebadilisha mambo mawili. La kwanza ni saa. Tulikaa, tukabishana kweli, wazee hawakutaka, lakini sasa wiki za giza tunakutana Jumamosi saa kumi jioni, na wiki ya mbalamwezi tunarudi asubuhi. Wanaume ambao sikuwahi kusikia sauti zao wanasoma Injili. La pili ni sifuri. Mtu akipata sifuri tatu mfululizo, mimi na mwingine mmoja tunakwenda kwake wiki hiyo hiyo, na hatuzungumzii michango. Tumekuta mengi. Tulimkuta mama mmoja amejifungia kwa sababu hana kitenge cha kutokea mbele za watu. Tulimkuta kijana wa bodaboda amevunjika mguu siku kumi na sita na hakuna aliyejua, amekaa chumba cha kupanga anapikiwa na mpangaji mwenzake wa dini nyingine.

Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane, nilifikiri jumuiya itakufa. Mwalo ulikuwa kimya, chanja zangu tupu. Ikawa kinyume. Watu walijaa mpaka tukakaa nje, kurasa za mahudhurio zikawa tiki tupu, na kurasa za michango zikawa nyeupe. Tungekuwa wa daftari lile la zamani tungeandika deni la kila mtu. Tulikubaliana miezi ile mitatu isiandikwe. Mwenye muhogo alileta muhogo, mwenye mawese akaleta mawese, tukagawana, na kaya mbili za Kiislamu jirani zikapata fungu lao kama walivyotupa sisi la Idi.

Yule bibi mjane alifariki mwaka jana. Misa yake ilijaa mpaka barabarani, na kaburi lake lilichimbwa na vijana wa mtaani kama kawaida yao.

Mwezi wa Novemba, mwezi wa marehemu, jumuiya husoma majina ya wafu wake. Orodha naandika mimi. Nililiandika la bibi, na juu yake, kwa mpangilio wa miaka, nikaliandika la kaka yangu. Siku ile aliyepewa kusoma ni mwenyekiti wa zamani, yule wa chini ya mwembe, siku hizi anavaa miwani na ni mzee sana. Kidole kilishuka jina kwa jina. Kilipofika kwake kilisimama, akanitazama juu ya miwani, nami nikamtazama. Akalisoma kama alivyosoma mengine, kwa sauti, tukaitikia, akaendelea na linalofuata.